DAFTARI LA BUNDUKI

Barua imetufikia kutoka Mingoyo. Mwandishi wake hakutaka jina lake lipigwe chapa, lakini swali lake ni la watu wengi, basi juma hili tumeona vema kulijibu mahali hapa, mbele ya wasomaji wetu wote. Mzee wa nyumba yao alifariki masika yaliyopita. Alikuwa mkulima wa mikorosho na mihogo, na nguruwe mwitu walipozidi kumharibia shamba alijipatia bunduki ya marisau, kwa hati halali, miaka mingi iliyopita. Matanga yalipokwisha na jamaa wakakaa kugawana vitu, bunduki ile ikaonekana darini, imeviringishwa katika kanga kuukuu yenye mafuta, pamoja na kijitabu cha leseni ambacho mende wamekwisha kula kurasa za mwisho. Muhuri unaosomeka ni wa zamani sana. Ndugu wa marehemu asema iuzwe, kwa kuwa mnunuzi yuko tayari na fedha yake mkononi. Mwana wa kwanza asema itupwe usiku mikokoni, maji ya Lukuledi yaifiche. Mjane asema ipelekwe polisi, lakini waogopa: atakayeonekana nayo njiani, je, si ndiye atakayekamatwa? Nao watuuliza wafanye nini.

Jibu tutalitoa. Lakini kwanza yafaa tujue kwa nini Serikali huandika bunduki za watu na bunduki zake yenyewe, maana asiyejua sababu ya daftari huliona kuwa ni usumbufu tu.

Wengi hudhani ya kuwa kazi ya Serikali juu ya silaha ni kuruhusu na kukataza. Kazi hiyo ipo, lakini iliyo ngumu zaidi ni kukumbuka. Bunduki haizeeki upesi kama mwenyewe. Ikipakwa mafuta na kuwekwa pakavu yaweza kuishi vizazi vitatu au vinne, nayo katika muda huo hubadili mikono mara nyingi. Aliyeinunua amekufa, aliyeiuza amehama, askari aliyepiga muhuri amestaafu na kurudi kwao. Kinachobaki ni maandishi peke yake. Sisi mapadre twaijua kazi hii kwa njia yetu. Mtoto akibatizwa Nyangao huandikwa katika daftari la Nyangao. Akija kufunga ndoa Dar es Salaam miaka 30 baadaye, paroko wa huko hupeleka habari Nyangao, nayo huandikwa pembeni mwa jina lake, katika ukurasa ule ule wa ubatizo. Ukurasa mmoja humfuata mtu popote aendapo. Bunduki nayo yataka ukurasa wa namna hiyo, utakaoifuata tangu siku ya kutoka kiwandani hata siku ya kuyeyushwa.

Wala jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria ya kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka katika sehemu hizi za Afrika. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiacha bunduki za zamani na kuchukua za mtindo mpya, na zile kuukuu wafanya biashara walizileta huku, zikaenda bara pamoja na misafara, kununulia pembe na watumwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalipatana huko Brussels juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na katika mapatano yale yamo maneno juu ya bunduki. Eneo lake lilikuwa kubwa: tangu nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hata nyuzi 22 kusini, tangu bahari ya magharibi hata bahari yetu hii. Bunduki zilizoletwa ziliamriwa kuwekwa katika ghala ya Serikali. Aliyeruhusiwa kuwa na bunduki ya kisasa sharti bunduki yake iandikwe na kutiwa alama; naye apewe hati yenye jina lake na mfano wa alama ile; hati hiyo idumu miaka 5 tu, kisha iombwe upya; na akiitumia vibaya anyang'anywe.

Tusiwasifu mno watu wale. Walitaka kukomesha utumwa, ni kweli, lakini walitaka pia bunduki nzuri zibaki mikononi mwao wenyewe, ndiyo maana bunduki za gumegume na baruti ya kawaida waliziachia njia katika sehemu kadha wa kadha. Hata hivyo, mambo manne waliyoyaandika mwaka ule, yaani alama juu ya chuma, jina katika kitabu, hati mkononi mwa mtu na mwisho wa muda wake, ndiyo mpaka leo msingi wa kazi yote.

Sasa tuone jinsi hesabu inavyoweza kuwa sahihi na bado isitoshe. Mwezi Machi 1916, Wajerumani na Waingereza wakipigana, meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilipenya katikati ya manowari za Kiingereza ikaingia ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi. Ilishusha bunduki, risasi na mizinga, na wapagazi wakaibeba shehena hiyo kwa vichwa kwenda bara. Mwaka uliofuata vita vikafika Mingoyo penyewe. Kisha tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917 yakatokea mapigano makali ya Mahiwa, karibu na Nyangao, ambamo jeshi la Waingereza peke yake lilipotewa na watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Wengi wa waliopigana pande zote mbili walikuwa Waafrika, sembuse wapagazi, ambao majina yao mara nyingi hayakuandikwa popote. Jenerali von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma, akazunguka katika nchi ya Wareno miezi kama 10, na tarehe 25 Novemba 1918 akasalimisha silaha huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia.

Silaha zake zikahesabiwa: bunduki 1,071, bunduki za rashasha 37, mzinga 1, na risasi kama 208,000. Hesabu safi. Lakini tazama: bunduki zile 1,071 zilikuwa za Kiingereza na za Kireno! Askari walikuwa wamezipata kwa adui. Zi wapi basi zile za Kijerumani walizoanzia vita, pamoja na zile zilizoshuka Sudi? Nyingine zilitekwa, nyingine ziliharibika, nyingine ziliachwa risasi zake zilipokwisha. Hesabu ya Abercorn yatuonyesha kilichokuwapo mkononi siku moja, nayo yafanana na mtu aliyehesabu kuku jioni bila kujua asubuhi walitoka wangapi. Daftari la kweli huandika njia: nani aliileta, lini, kwa hati gani, akampa nani, na yule akafanya nini nayo. Wasomaji wetu watakumbuka tofauti hiyo, maana ndiyo somo lenyewe.

Katika siku zetu nchi za Afrika Mashariki zilipatana juu ya silaha ndogo ndogo kwa Azimio la Nairobi la Machi 2000, kisha kwa Itifaki ya Nairobi iliyotiwa sahihi tarehe 21 Aprili 2004. Na kituo cha kuisimamia kazi hiyo, RECSA, kikawekwa Nairobi mwaka 2005. Nchi za Kusini, yaani SADC, zilikuwa zimekwisha kuweka itifaki yao mwaka 2001. Tanzania imo pande zote mbili. Hapa nyumbani sheria ya zamani ya silaha iliondolewa, na mahali pake ikawekwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwaka 2016 Polisi walifanya uhakiki wa silaha za watu binafsi, kila mwenye bunduki akitakiwa kuionyesha pamoja na hati yake. Hayo twayapita upesi, kwa kuwa yamesemwa sana.

Lakini alama juu ya chuma yataka kuelezwa, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Itifaki ya Nairobi yataka bunduki itiwe alama katika mtutu, katika mwili wake, na kama ni bastola, katika kile kipande cha juu kiendacho mbele na nyuma inapopigwa. Kwa nini mara tatu? Kwa sababu mwovu hubadili mtutu, au huunganisha vipande vya bunduki mbili ikawa moja. Na namba peke yake haitoshi. Chukua mfano wa ile bunduki ambayo watu wetu huiita SMG. Ya Kirusi na ya Kichina hufanana hata mtu asiyefundishwa hawezi kuzitenga, na risasi zake ni za namna moja. Lakini iliyotoka kiwanda cha Izhevsk ina alama ya mshale ndani ya pembetatu. Ya Tula ina nyota. Na ya Kichina iitwayo Aina ya 56 mara nyingi ina tarakimu 66 ndani ya pembetatu. Viwanda viwili vyaweza kupiga namba ile ile juu ya bunduki mbili. Basi askari aliyeokota bunduki porini akaandika tu "SMG moja" na namba yake, ameandika nusu ya habari. Barua ya kuuliza asili yake itapelekwa nchi isiyo yake, na jibu litakuja baada ya miezi mingi: hatuijui. Lakini akiandika umbo la alama, mwaka kama upo, upana wa tundu la mtutu, na alama ya nchi iliyoiingiza, barua itafika mlango ulio sawa. Hata picha ya simu, ikipigwa karibu na kwa mwanga mzuri, ni msaada mkubwa kuliko maelezo marefu.

Katika dunia nzima, wachunguzi wa Small Arms Survey walikadiria mwaka 2018 ya kuwa ziko bunduki zaidi ya milioni 1,000. Watu wengi wangedhani nyingi ni za majeshi. Kumbe milioni 857 zi mikononi mwa raia, na katika hizo zilizojulikana kuandikwa ni kama milioni 100 tu, yaani 12 katika kila 100.

Hata hivyo tusiwaangalie raia peke yao, kwa maana Serikali nayo ina ghala zake, na Itifaki ya Nairobi yaiamuru kila nchi iwe na orodha kamili ya silaha zote za majeshi yake na za idara zake nyingine. Jambo hili twaliona kuwa kubwa kuliko leseni ya mkulima. Huko Uganda, Idi Amin alipoanguka mwezi Aprili 1979, askari wa Moroto walikimbia wakaacha ghala wazi, na Wakaramoja wakachukua bunduki kwa maelfu. Mpaka leo watu hutaja hesabu mbalimbali, kila mtu yake. Serikali ya huko ilijitahidi tangu 2001 kuwanyang'anya watu silaha hizo, na kila ilipokusanya haikuweza kusema zimebaki ngapi, kwa maana asiyejua jumla hawezi kujua baki. Karibu nasi zaidi, watu waliovamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, mwezi Julai 2015, waliua askari na raia na kupora silaha. Na tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa Kibiti, kandokando ya barabara ile ile tunayopita sisi watu wa Lindi tukienda Dar es Salaam, na bunduki zao zikachukuliwa. Bunduki ya namna hiyo ikifukuliwa msituni, ni daftari la kituo tu liwezalo kusema: hii ni yetu, alipewa askari fulani saa fulani, pamoja na risasi kadha. Kwa hiyo askari anayeandika kwa uvivu anapopokea zamu, akinakili hesabu ya jana bila kufungua kabati, awaweka hatarini wenzake.

Yako pia magobore, na hapa daftari huona haya. Gobore hutengenezwa na mhunzi kwa bomba la chuma, halina kiwanda, halina mwaka wala namba. Sheria yakataza kutengeneza silaha bila kibali, na ni haki, maana majangili wamelitumia, na gobore lenyewe mara nyingi humpasukia mwenyewe usoni. Lakini tuseme kweli: mkulima ambaye nguruwe wamemlia mihogo ya mwaka mzima haanzi kufikiri juu ya Itifaki. Hufikiri juu ya watoto wake. Njia ya kuomba hati huanza kwa viongozi wa mtaa au kijiji, ikapanda kata, wilaya, mkoa, hata ikafika kwa Msajili. Ngazi hizo zina maana yake, kwani jirani ndiye ajuaye kama mwombaji ni mlevi au mgomvi. Lakini kila safari ya bure ya kwenda mjini kuulizia karatasi, kisha kuambiwa njoo kesho, humwongezea mhunzi mteja mmoja. Wenye ofisi wasituchukie kwa kusema hivyo. Na gobore likiletwa kwa hiari liandikwe vilevile, japo halina namba: urefu wake, alama zake, mahali lilipotoka, na siku lilipoharibiwa. Kenya ilipochoma moto silaha 5,250 huko Ngong mwezi Novemba 2016, kila kipande kilichoteketea kilikuwa ni mstari wa kufungwa katika kitabu fulani. Usipofungwa, bunduki iliyokwisha kuwa majivu yaendelea kuishi katika karatasi, na mjanja aweza kuitumia namba yake kufunika bunduki nyingine.

Daftari litunzwe kwa muda gani? Umoja wa Mataifa ulipatana tarehe 8 Desemba 2005 ya kuwa kumbukumbu zitunzwe bila mwisho kadiri iwezekanavyo. Na ikishindikana, za utengenezaji zisipungue miaka 30, na nyinginezo, kama za kuingiza na kutoa nchini, miaka 20. Sisi twaona miaka 20 ni michache. Bunduki ya mzee wa Mingoyo huenda imeipita. Kinachoharibu vitabu vyetu mara nyingi ni mchwa, mvua na uhamisho wa ofisi. Lindi ilipigwa na tufani mwezi Aprili 1952, na wasomaji vijana wameona wenyewe Mei 2024 jinsi Hidaya ilivyokata barabara. Kitabu kimoja katika chumba kimoja ni sawa na kutokuwa na kitabu. Kompyuta ni nzuri, lakini nayo yataka nakala mahali pengine, na mtu wa kuingiza habari siku ile ile, si mwisho wa mwaka.

Na sasa turudi Mingoyo. Ndugu wa marehemu asema mnunuzi yupo. Tumwulize: ni nani? Barabara ya Mtwara, Mingoyo na Masasi hupita mlangoni pao. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, watu wamekuwa wakiuawa tangu 5 Oktoba 2017, na tarehe 14 Oktoba 2020 wauaji walivuka wakaingia Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Bunduki ya marisau si kitu kwa vita kama vile, mtu atasema. Yatosha kwa kusimamisha basi usiku. Na ikiokotwa penye damu, ukurasa utafunguliwa, na jina litakalosomwa ni la marehemu; watakaoitwa kujibu ni mjane na watoto. Kuitupa mikokoni ni vilevile: ukurasa hubaki wazi milele, na maji ya Lukuledi hutoka, na wavuvi hupita.

Mjane amesema sawa, na hofu yake ina haki, kwa hiyo asiichukue njiani. Bunduki ibaki ndani, mahali palipofungwa, bila risasi ndani yake. Aende kwanza mikono mitupu kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, akiwa na mwanawe mkubwa na cheti cha kifo, kisha pamoja nao wafike polisi watoe habari na kuomba ije kuchukuliwa, au waambiwe namna ya kuipeleka. Kijitabu cha leseni kiende kama kilivyo, hata kama kimeliwa. Kipande chenye namba kina thamani kuliko maneno mengi. Mtu asikwaruze kutu kwa tupa, asije akafuta alama. Risasi zihesabiwe mbele ya mashahidi wawili. Katika miaka ya karibuni Serikali imetoa zaidi ya mara moja muda wa msamaha, mwezi wa Septemba na Oktoba, kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, lakini familia hii isingoje muda huo, maana bunduki yao iliandikwa kwa haki na wao hawana la kuficha. Kama mwana ataka kuitumia kulinda shamba, leseni hairithiwi kama mikorosho. Sharti aombe yake kwa jina lake mwenyewe, tangu mwanzo.

Na wasiondoke kituoni bila stakabadhi yenye tarehe, namna ya bunduki, namba yake, hesabu ya risasi, jina na namba ya askari aliyeipokea. Waisome pale pale, waifananishe na chuma kabla hakijaondolewa mezani, na waiweke pamoja na hati ya shamba. Mwenye barua akipenda kutuandikia ilivyokuwa, nafasi yake ipo katika ukurasa huu.